Nani alisema ukoo wetu hauna kichwa cha hesabu?

Mpenzi msomaji, ikiwa umewahi kuketi mezani na mtoto jioni, daftari la hesabu likiwa wazi mbele yenu, ukajikuta sauti yako inapanda nacho kichwa cha mtoto kinazidi kuinama, basi karibu tuzungumze. Yaliyonipata mimi yalinipata kwetu Mbooni, Kaunti ya Makueni. Nayasimulia hapa si kwa kujivuna, maana nilikosea sana kabla ya kupatia.

Ilikuwa likizo ya Agosti mwaka wa 2024. Mama alinipigia simu Nairobi akasema, "Njoo umsaidie huyu mtoto. Wewe ndiwe uliyesoma." Mtoto mwenyewe ni binti ya kaka yangu mkubwa, msichana wa miaka 12 aliyekuwa Gredi ya Sita. Mwishoni mwa Oktoba angefanya KPSEA, ule mtihani wa kitaifa ulioanza mwaka wa 2022 kwa watoto wanaomaliza shule ya msingi. Ripoti yake ya muhula wa pili ilikuwa nzuri katika Kiswahili na nzuri katika sayansi. Kwenye mstari wa hesabu, mwalimu alikuwa ameandika kwamba yuko chini ya matarajio.

"Wewe ndiwe uliyesoma." Mama alikuwa amesahau, au alijifanya kusahau, kwamba hesabu ndilo somo nililolikimbia maisha yangu yote. Nilipojiunga na chuo kusomea uandishi wa habari, nusu ya furaha yangu ilikuwa kujua kwamba sitaona tena sehemu wala desimali. Hata leo, mhariri akiniletea taarifa ya bajeti, huwa natafuta mwenzangu wa kumsukumia.

Hata hivyo, ombi la mama halikataliwi. Nilinunua mkoba mzima wa karatasi za mitihani ya awali, nikapanda matatu kupitia Machakos, tukaanza kuukwea mlima hadi Kikima. Anayeijua Mbooni anajua baridi yake ya Agosti, ukungu unavyolala juu ya mashamba hadi saa nne, na matuta ya fanya juu yaliyopangwa kilimani kama ngazi. Nilifika jioni, nikanywa chai, na kabla sijavua viatu nikamwambia mtoto, "Lete daftari."

Kiboko cha kila asubuhi

Kabla sijaendelea, msomaji, lazima nikuonyeshe nilikotoka. Mwaka wa 2000 nilikuwa darasa la nne. Kila asubuhi tulikuwa na hesabu za kichwa, maswali kumi yaliyosomwa haraka haraka, na kila kosa lilikuwa na kiboko chake. Mwaka uliofuata, 2001, serikali ilipiga marufuku kiboko shuleni, lakini kwangu mimi marufuku hiyo ilichelewa. Tayari nilikuwa nimejifunza kwamba saba mara nane si hamsini na sita. Saba mara nane ni maumivu ya kiganja.

Niliufanya mtihani wa KCPE mwaka wa 2004. Karatasi ya hesabu ilikuwa na maswali 50 ya kuchagua A, B, C au D, na tulipewa saa mbili. Ukigawa, utaona kila swali lilikuwa na dakika mbili na sekunde 24. Mimi nilitumia nyingi ya dakika hizo kutazama dirishani. Lugha ndiyo iliyoniokoa, hesabu ikanivuta chini.

Sasa basi, mtu mwenye jeraha kama hilo akipewa mtoto wa kufundisha, unadhani atafanya nini? Atafanya alivyofanyiwa. Sikuwa na kiboko, lakini nilikuwa na ulimi. Siku ya kwanza nilimpa mtoto maswali 30, nikaweka saa ya simu mbele yake. Akapata tisa. Siku ya pili nikampa mengine 30, akapata manane. "Hili tulifanya jana!" nilifoka. "Unasikiliza kweli?" Siku ya tatu nilimwita, nikamwita tena, hakuitika. Nilimkuta jikoni kwa nyanya yake, amejibanza nyuma ya mlango, anachambua maharagwe ambayo yalikuwa yamekwisha kuchambuliwa.

Nilimuuliza kwa nini amenitoroka. Akajibu kwa upole, kama mtu anayemweleza mgeni desturi za nyumbani: "Shangazi, usijisumbue. Sisi ukoo wetu hatuna kichwa cha hesabu. Baba amesema."

Maneno hayo yalinichoma, kwa maana hata mimi niliyajua. Nilikuwa nimelelewa nayo. Marehemu baba yetu ndiye aliyeyasema kwanza, mwaka wa 1998, kaka yangu aliporudi na matokeo ya KCPE. Wakati huo mtihani ulikuwa na alama 700, na hesabu ndiyo iliyokuwa imemwangusha. Baba alimwekea mkono begani akasema, "Usilie. Sisi hatuna kichwa cha hesabu." Alikuwa anamfariji. Mimi, mtoto mdogo niliyesimama pembeni, nilisikia hukumu. Na sasa, miaka 26 baadaye, hukumu ile ile ilikuwa imemfikia mjukuu ambaye baba hakumwona.

Nguzo ishirini na sita

Kaka yangu ni fundi wa ujenzi. Jumamosi ile alikuwa na kazi ya kuzungushia ua kiwanja cha jirani, nasi tukamfuata, mimi kwa kukosa la kufanya na mtoto kwa kunikwepa. Kiwanja kilikuwa cha mita 24 kwa mita 15, na mwenyewe alitaka nguzo moja kila mita tatu. Akauliza zitahitajika nguzo ngapi.

Nilitoa simu. Nikagawa 24 kwa tatu, nikapata nane, nikaongeza moja ya mwisho, zikawa tisa. Nikagawa 15 kwa tatu, tano, nikaongeza moja, sita. Pande mbili za tisa na pande mbili za sita. "Thelathini," nikatangaza.

Kaka hakuwa na simu mkononi. Alikuwa ameshika kamba. "Ishirini na sita," alisema.

Tulibishana. Mwishowe akaokota kijiti, akachora kiwanja kwenye udongo, akaweka vijiwe. "Tazama, dada. Nguzo ya pembeni umeihesabu ukija upande huu, kisha ukaihesabu tena ukienda upande ule. Pembe ni nne, kwa hiyo umenunua nguzo nne za bure. Kama ua ungekuwa mstari mmoja tu, wa mita 24, hapo kweli ungeongeza moja, zikawa tisa. Lakini ua unaozunguka na kurudi ulipoanzia hauna nguzo ya mwisho. Mzunguko wote ni mita 78. Gawa kwa tatu."

Ishirini na sita. Nilibaki kinywa wazi.

"Na bado unasema huna kichwa cha hesabu?" nilimuuliza.

"Hiyo si hesabu," alijibu. "Hiyo ni kazi."

Hapo ndipo binti yake, aliyekuwa kimya wakati wote, alipoinua macho kutoka kwenye vile vijiwe. "Baba, hiyo ni hesabu. Iko kwenye kitabu. Sura ya mzunguko."

Kaka aliutazama mchoro wake kwa muda mrefu. Hakusema kitu, akaanza kuchimba.

Usiku ule, mama alipokwenda kulala, alinisimulia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Siku ya mtihani mwaka wa 1998 alifika swali la 17, akaliona gumu, akaliruka ili alirudie baadaye. Lakini kwenye karatasi ya majibu hakuuruka mstari wake. Jibu la 18 akalitia kwenye nambari 17, la 19 kwenye 18, na kuendelea hivyo hivyo. Alipomaliza swali la 50 na kujikuta anatia alama kwenye nambari 49, msimamizi alikuwa anasema kalamu chini. Majibu 33 yalikuwa yamelala nyumba ya jirani.

"Kwa nini hukumwambia baba?" nilimuuliza.

"Ningemwambia nini? Matokeo yametoka, na karatasi imekwisha kusema. Baba aliposema hatuna kichwa, niliona ni afadhali hivyo kuliko kuitwa mzembe." Akanyamaza kidogo. "Baadaye nikaanza kuamini."

Msomaji mpenzi, sisemi kwamba bila kosa lile kaka angekuwa mhandisi. Sijui, na hakuna ajuaye. Ninalojua ni kwamba mtihani wa saa mbili uliandika jambo juu yake, na nyumba nzima ikalisoma kwa robo karne bila kuuliza swali.

Mwethya wa hesabu

Jumatatu tulianza upya. Saa ya simu niliiweka mfukoni. Nilimwomba mtoto msamaha, jambo ambalo sikuwahi kuona mtu mzima akimfanyia mtoto nilipokuwa mdogo. Kisha nikamwambia aite wenzake.

Wakamba tuna mwethya, yaani kikundi cha majirani kinachofanya kazi kwa zamu: leo shambani kwa huyu, kesho kwa yule. Matuta mengi yanayoshikilia udongo wa vilima vyetu yalichimbwa na akina mama wa mwethya. Nasi tukaunda mwethya wetu wa watoto watano chini ya mparachichi. Kanuni ilikuwa moja: kila siku mtoto mmoja analeta swali alilokosa, na sote tunalilima swali hilo mpaka likwishe. Hakuna kucheka, kwa kuwa kesho zamu ni yako.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuyachambua makosa kama nyanya anavyochambua maharagwe. Tulichukua maswali 20 ambayo binti ya kaka alikuwa amekosa, tukayagawa mafungu matatu: sikujua, sikuelewa lugha, nilikimbia. Mambo ambayo hakuyajua kabisa yalikuwa sita tu. Tisa hakuelewa lugha, na matano alikimbilia jibu. Fikiria! Mimi nilikuwa nimemfokea kwa maswali 20, kumbe ya kufundishwa yalikuwa sita.

Fungu la lugha lilinifumbua macho. Mtihani wa hesabu huandikwa kwa Kiingereza, naye mtoto huyu huota kwa Kikamba. Aliulizwa kwa Kiingereza tofauti kati ya 52 na 37 ni nini, akawaza kwamba tofauti ni kuwa moja ni kubwa na nyingine ni ndogo, akabahatisha. Kutoa alikujua vizuri. Hakujua kwamba neno lile linamwomba atoe. Kwa hiyo tukaweka desturi: swali lolote la maneno linasomwa mara mbili, kisha linasimuliwa kwa Kikamba au Kiswahili kama kisa, ndipo kalamu iguse karatasi. Mwanahisabati George Pólya, mzaliwa wa Budapest, aliandika katika kitabu chake How to Solve It cha mwaka wa 1945 kwamba hatua ya kwanza ya kutatua swali ni kulielewa swali lenyewe. Sisi wazazi wengi huanzia hatua ya tatu, kisha tunashangaa.

Fungu la "sikujua" lilikuwa limejaa sehemu. Watoto wote watano walikubaliana kwamba nusu ukiongeza theluthi ni mbili juu ya tano, kwa kuwa walijumlisha za juu na za juu, za chini na za chini. Nilianza kueleza vigawe, nikaona macho yanafifia. Mama yangu, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, akaleta chapati.

"Nani amekula nusu?" aliuliza. Mkono ukainuka. "Sasa nakuongezea theluthi. Una zaidi ya nusu au una pungufu?"

"Zaidi, Susu."

"Na hiyo mbili juu ya tano yenu?"

Wakaikata nyingine mafungu matano sawa, wakachukua mawili, wakayaweka kando ya nusu. Ilikuwa pungufu! Umeongezewa chakula, na sahani imepungua! Walicheka mpaka kuku wakakimbia. Baada ya hapo ilikuwa rahisi kuwaonyesha kwamba ukikata vipande sita, nusu ni vitatu na theluthi ni viwili, jumla vitano juu ya sita. Na nikawaambia siri ya mitihani ya kuchagua: lile jibu la mbili juu ya tano utalikuta limekaa hapo likikungoja. Mtunzi anayajua makosa yenu, huyapanga karibu na jibu sahihi.

Dawa ya fungu la tatu, la kukimbia, ni kukadiria kwanza. Ukiulizwa 198 mara tano, jiambie ni karibu 200 mara tano, yaani karibu 1,000. Hapo jibu la 99 na la 9,900 unayafukuza bila jasho, na 990 inajileta yenyewe.

Yeye kaka alijiunga nasi wiki ya pili. Alikuja akisingizia kutafuta nyundo. Akaketi, akachukua gorogoro na gunia, akauliza: ikiwa gunia lina kilo 90 na gorogoro moja ni kilo mbili, gunia lina gorogoro ngapi? Arobaini na tano. Na ukiuza theluthi moja ya gunia? Kumi na tano. Kila jioni baada ya hapo alipita, na watoto wakaanza kumwita mwalimu. Siku ya mwisho kabla sijarudi Nairobi alileta karatasi aliyoichora mwenyewe kwa rula, mistari yenye nambari na A, B, C, D. Akawafundisha somo moja tu: ukiruka swali, ruka na nyumba yake, na kila baada ya maswali matano linganisha nambari ya swali na nambari ya mstari. Hakuwaambia alijifunzia wapi.

Mvua na mtihani

Wanaoishi mijini huenda hawajui kwamba kwetu mtihani wa mwisho wa mwaka na mvua ya vuli hubisha hodi pamoja. Mvua hiyo ndiyo tegemeo la Ukambani, na mkono mmoja ukikosekana shambani huonekana. Miaka mingine watoto huvutwa na jembe katika wiki ambazo wangekuwa wanarudia masomo. Mama aliniambia kwa simu kwamba mwaka ule kaka alikataa. "Mahindi tutapanda sisi," alisema. "Huyu ana kazi yake."

Siku ya karatasi ya hesabu niliketi ofisini nikiwa sina faida kwa mtu. Jioni simu ililia. Nilitarajia kusikia ilikuwa rahisi au ngumu, lakini mtoto alianza hivi:

"Shangazi, niliruka moja. Lakini niliruka na nyumba yake. Halafu nikairudia."

Nyuma yake nilimsikia kaka akikohoa, kikohozi cha mtu anayetafuta pa kuficha uso.

Matokeo hayakuwa ya kupigiwa ngoma. Mtoto alifikia matarajio, hakuyazidi. Lakini alitoka chini akafika hapo, na alipoingia Gredi ya Saba hakuwa tena mtu wa ukoo usio na kichwa. Tusisahau pia kwamba KPSEA haimfungii mtoto mlango, kwa kuwa wote huendelea hadi sekondari msingi. Ulipofanywa mtihani wa kwanza wa KJSEA wa Gredi ya Tisa mwaka wa 2025, matokeo ya KPSEA yalichangia asilimia 20 katika kuwapangia wanafunzi shule za sekondari ya juu. Ni mchango wa kuheshimiwa, lakini si wa kumtia mtoto hofu mpaka ajifiche nyuma ya mlango wa jikoni.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, kabla ya kununua mkoba wa karatasi kama nilivyofanya, chambua makosa ya mtoto wako ujue yapi ni ya kutojua, yapi ni ya lugha na yapi ni ya haraka. Mwache asimulie swali kwa lugha ya nyumbani. Tumia chapati, gorogoro, nauli ya matatu, chochote kinachoshikika. Msikie akieleza alivyofikiri, hata akikosea. Na usiku kabla ya mtihani mwache alale.

Juu ya yote, chunga maneno yako ya faraja. Baba yetu alitupenda, na kwa upendo huo alitupa sentensi moja iliyotufunga miaka 26. Leo ukisikia mtu nyumbani kwako akisema, "Sisi hatuna kichwa cha hesabu," muulize kwa adabu nguzo za ua wake alizihesabu nani.